Unataka kujinyoa kwa wembe wa kukunja? Anza na jiwe

Wengi wanaoanza kutumia wembe wa kukunja huogopa kujikata, lakini kinachowakatisha tamaa ni kingine kabisa: wembe unavuta ndevu, shavu linawaka moto, na mtu anarudi kwenye nyembe za kutupa akiamini mkono wake ni mbovu. Mara nyingi mkono hauna kosa. Wembe haukunolewa.

Chagua wembe wenye upana wa 5/8 au 6/8 ya inchi na ncha ya mviringo, maana ncha ya pembe ndiyo inayochoma sikio na pembe ya mdomo. Nyembe kuukuu za Solingen, Ujerumani, na Sheffield, Uingereza, ni chuma kizuri hadi leo. Kutu ya juujuu kwenye ubapa haina neno. Kutu iliyofika kwenye makali ikayala, uache huo.

Jiwe la pande mbili linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, lile tunalonolea mapanga ya kupalilia mikorosho, lisiguse wembe kabisa. Chembe zake ni kubwa mno, zitaacha makali yenye meno. Unahitaji jiwe namba 1000, la 4000 au karibu yake, na la 8000; namba ikipanda, chembe za jiwe huwa ndogo zaidi. La 12000 ni nyongeza nzuri tu. Haya itabidi uyaagize. Yapo yenye namba mbili, moja kila upande, nayo hupunguza gharama.

Jiwe liwe bapa kweli. Lichore mistari ya penseli, weka msasa wa maji namba 400 juu ya kioo, mwagia maji, kisha lisugue jiwe hapo mpaka mistari yote ifutike. Jiwe lenye bonde litanoa kisigino cha wembe, yaani mwisho wa makali upande wa mpini, na ncha, katikati pabaki butu.

Sasa kunoa. Laza wembe kwa ubapa wake juu ya jiwe lililoloa, mgongo na makali vyote viguse. Usiunyanyue mgongo hata kidogo: unene wake ndio unaopanga pembe ya makali, wala huhitaji kuikisia kama unavyofanya na kisu. Sukuma makali yakitangulia, huku ukiuteremsha wembe kimshazari ili urefu wote upite jiweni, kisha ugeuze juu ya mgongo wake na urudi. Uzito wa mkono uwe mdogo. Ukikandamiza, chuma chembamba hupinda na makali hukwepa jiwe.

Kazi kubwa iko kwenye 1000, na hapa ndipo wanaoanza huharakisha. Paka makali wino wa maka peni pande zote mbili, piga mikupuo miwili, halafu angalia. Wino uliobaki pembeni kabisa mwa makali unakuonyesha mahali jiwe halijafika. Endelea, ishirini kila upande, kagua, ishirini tena. Wembe wa zamani unaweza kudai mia na zaidi. Kipimo ni viwili: ukielekeza makali juu chini ya taa usione mstari mweupe unaong'aa, na kila sehemu ya wembe, kuanzia kisigino hadi ncha, inyoe malaika ya mkono. Pasiponyoa, usihame jiwe. Mawe ya juu hayanoi kilicho butu, yanalainisha tu kilichokwisha kunoleka. Ukishafaulu hapo, 4000 ni mikupuo kama 25 kila upande na 8000 kama 20, mkono ukizidi kuwa mwepesi.

Baada ya jiwe ni ukanda. Ngozi halisi yenye upana wa sentimita 5 au zaidi inatosha, reksini haifai. Uvute ukaze, laza wembe, na safari hii mgongo ndio utangulie. Mara 25 kwenye kitambaa kizito cha pamba, 50 kwenye ngozi. Ukitanguliza makali utakata ukanda, na ukiulegeza, makali yatajiviringa. Fanya hivyo kila kabla ya kunyoa.

Nyoa ukitoka kuoga, ndevu zikiwa zimelainika. Paka povu, liache dakika mbili. Vuta ngozi kwa mkono wa pili, shika wembe kwenye pembe ya kama nyuzi 30, shuka kwa vipande vya sentimita 2 au 3 ukifuata ndevu zinakolala. Usiuburute wembe kwa urefu wake, hata mara moja. Hivyo ndivyo unavyokata. Kwa siku za mwanzo nyoa mashavu peke yake, halafu shingo. Kidevu na juu ya mdomo vije mwisho. Sisi wenye ndevu za kujisokota tupite mara moja tu, tusinyoe kwa kupinga, kwani unywele uliokatwa chini ya ngozi hujikunja na kuzaa vipele. Ukiwa na vipele tayari, subiri vipone.

Wembe ukivuta ndevu, punguza pembe kwanza. Ukiendelea kuvuta kila mahali, rudi kwenye ukanda, kisha 8000. Ukivuta sehemu moja tu ya wembe, sehemu hiyo haikumalizwa kwenye 1000. Mkwaruzo mdogo, lowesha kipande cha shabu na ubonyeze.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Hata ndugu yako wa tumbo moja usimwazime, kwa sababu Virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu usiyoiona.

Kwa tunaokaa Shangani, Mikindani au Lindi mjini, hewa ya bahari hula chuma haraka. Maji ya kisima yenye chumvi yasiwe ya mwisho kugusa wembe; suuza kwa maji ya mvua, futa kwa kitambaa kikavu hadi ndani ya mpini, uache wazi ukauke, halafu paka tone la mafuta ya cherehani. Usiuweke bafuni, wala usiufungie kwenye ala ya ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu.