Muulize Fundi: Ina kilomita chache, imelala miaka mingi, naanzia wapi?

Safari hii barua zimekuja za pikipiki za zamani tupu. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana wengi mmeuliza kitu hichohicho kwa maneno tofauti.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mjomba ameniachia Honda CB350 ya mwaka 1972, imekaa stoo toka miaka ya 90 mwanzoni, mita inasoma kilomita 6,200 tu, yaani ukiiona utadhani mpya, rangi ipo, kiti hakijachanika. Nimenunua betri mpya nikafunga, taa zinawaka, ila kiki haishuki kabisa, nimeisimamia kwa uzito wangu wote haijasogea hata kidogo. Rafiki yangu anasema tuweke gia tuisukume itakubali tu. Nataka niwe naiendesha ndani ya wiki mbili. Tufanyeje?
Mpwa mwenye haraka

JIBU: Mpwa, shuka kwenye hiyo kiki kwanza. Na rafiki yako mwambie asante ila asiguse. Kiki ikigoma namna hiyo manake injini imejamu, na mara nyingi ni ringi za pistoni zimeshikana kwa kutu na ukuta wa silinda, kwa sababu injini ikizimwa karibu lazima kuna valvu inabaki wazi mahali, na unyevu unapitia hapohapo miaka yote hiyo. Sasa mkiisukuma ikiwa kwenye gia, uzito wako, wa pikipiki na mwendo wenyewe vyote vinaishia kwenye ringi, na ringi haipindi, inakatika, na ikikatika inachana silinda. Au kuna valvu imeganda ikiwa imefunguka, pistoni inapanda inaigonga, inapinda. Kazi ya kusubiri siku kadhaa inageuka kuwa ya kufungua injini nzima.

Kuhusu hizo 6,200. Najua ndizo zimekupa moyo, na wauzaji wa pikipiki za zamani huziandika kwa herufi kubwa kabla hata hawajasema kama inawaka. Ila mita inahesabu mzunguko wa gurudumu tu, haihesabu miaka. Sili za oili (mipira inayozuia isivuje), mipira ya kabureta, tyubu, gundi ya breki, mafuta yaliyobaki kwenye tangi, vyote hivyo vinazeeka hata pikipiki ikiwa imefunikwa shuka. Mi ningepewa nichague kati ya hiyo yako na nyingine ya mwaka huohuo yenye kilomita 40,000 iliyokuwa ikiendeshwa kila mwezi, ningechukua hiyo ya 40,000 bila kufikiria mara mbili. Na hakikisha hizo kilomita ni za kweli, angalia raba za kukanyagia, raba ya kiki na meno ya spoketi (gia za mnyororo), kama vimelika sana basi mita ilishabadilishwa zamani.

Haya, injini. Toa plagi zote mbili. Mwaga kila silinda vijiko kadhaa vya oili ya kulegeza kutu, au changanya oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, mbali na moto tafadhali, halafu iache. Siyo saa moja, iache ilale, kesho ongeza, keshokutwa ongeza. Ndipo ufungue kifuniko cha upande wa kushoto uchukue spana ya boksi, uweke kwenye bolti ya rota ya jenereta, ujaribu kuzungusha taratibu, kidogo mbele kidogo nyuma, ukiona imekubali hata upana wa unywele usiishangilie kwa kuikaza, irudishe nyuma, ongeza oili, endelea hivohivo. Spana fupi, siyo ile ya kuunganisha bomba. Kiki usiiguse hadi izunguke mizunguko kamili kwa mkono, na hapo funika matundu ya plagi kwa kitambaa maana oili itaruka na macho yako yako karibu.

Ikishazunguka bado usiwashe!! Hii injini kemshafti yake (mhimili unaofungua valvu) iko juu kwenye kichwa, na oili yote ilishateremka chini miaka hiyo, kwa hiyo huko juu ni pakavu. Mwaga oili ya zamani, weka mpya ya 10W-40, ya pikipiki siyo ya gari, maana klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Fungua vifuniko vya tapeti mwagia oili mpya juu ya kemshafti. Hapohapo pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, 0.05 mm za kuingiza na 0.10 mm za kutoa moshi. Halafu izungushe plagi zikiwa nje mpaka uone oili imefika juu. Na filta usiitafute ile ya karatasi, haina, filta yake ni kikombe kinachozunguka nyuma ya kifuniko cha upande wa kulia, uchafu unaganda kwenye kuta zake kama lami, ufungue ukwangue. Ukipima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) siku hiyohiyo itasoma juu na utafurahi bure, ni ile oili uliyomwaga ndio imeziba. Pima tena baada ya injini kuwaka na kupata moto, na uangalie zaidi kama silinda mbili zinapishana.

Mafuta sasa. Fungua tangi unuse. Petroli iliyooza ina harufu ya vanishi, ukishaisikia mara moja hutaisahau. Usiongeze mpya juu yake. Toa tangi, mwaga yote, mulika ndani kwa tochi (tochi jamani, siyo kiberiti). Kama ni kutu ya juujuu jaza siki nyeupe uiache siku moja au mbili, mwaga, suuza na maji yenye bekingi soda ili tindikali iishe nguvu, kausha haraka kwa upepo, na palepale paka oili au jaza petroli, la sivyo kutu inarudi kabla hujamaliza kunawa mikono. Zile dawa za kupaka ndani ya tangi mi sizipendi, zikianza kubanduka zinashuka zote kwenye kabureta. Tumia pale tu tangi lina vitundu.

Kabureta zako ni mbili na ndiko utakakokaa siku nyingi kuliko kote. Fungua moja, maliza, ndipo ufungue nyingine, ili uwe na ya kuangalizia. Jeti ya saileti (kitundu kinachopitisha mafuta injini ikinguruma bila kuvutwa resi) ina tundu dogo sana, petroli ikishakauka inaliziba kabisa na ndiyo maana pikipiki nyingi za kulala zinawaka ukivuta choki halafu zinazima ukiitoa. Usichokonoe kwa sindano, jeti ni shaba laini, ukipanua tundu umeiharibu, tumia uzi mmoja wa waya wa shaba, dawa ya kabureta na upepo. Ila humo ndani kuna dayaframu za mpira mwembamba, hizo zitoe kabla hujapuliza dawa, dawa inazivimbisha na kuzitafuna. Na ukinunua seti ya vipuri vya kabureta chukua gasketi na o-ringi tu, jeti na sindano za zamani zisafishe uzirudishe, zile za kwenye seti za bei rahisi mara nyingi vipimo havilingani na vya kiwandani na utakuja kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Vile vishingo vya mpira kati ya kabureta na injini, vipinde kwa kidole, kama vina nyufa badilisha, maana vikinyonya hewa hutapata saileti hata uchokonoe mwezi mzima.

Ya umeme ni machache. Platini (vile vidude vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi) huwa zinashika utando, pitisha msasa laini, zifute, weka nafasi 0.3 mpaka 0.4 mm. Plagi mpya, nafasi 0.7 mm. Betri umeshaweka, ila ikishawaka pima chaji kwenye resi ya kati, unataka volti 13.5 mpaka 14.5, ikibaki 12 haichaji na betri yako mpya itakufa nawe unaangalia.

Sasa hapa ndipo nagombana na watu. Kabla haijatoka nje hata mita kumi, breki. Yako ni drami (breki za ngoma) mbele na nyuma, na ile bitana ya msuguano imegundishwa kwenye kiatu cha breki, gundi ya miaka 50 inaachia, bitana inabanduka inajikunja ndani ya drami na gurudumu linafunga ghafla uko barabarani. Fungua zote mbili, badilisha viatu hata kama vinaonekana vinene. Vumbi lake usilipulize kwa upepo, breki za enzi hizo nyingi zina asbesto, lowanisha ufute kwa kitambaa kisha ukitupe. Badilisha pia keboli za breki na klachi, sili za shokapu za mbele na oili yake, na paka grisi mpya kwenye bearingi za magurudumu na za usukani, ile ya zamani imekuwa sabuni kavu.

Wiki mbili sahau. Ikishaanza kutembea usiende mbali, zunguka karibu na nyumbani, irudi, ipoe, kaza bolti, angalia wapi panavuja (patavuja tu). Oili ibadilishe tena baada ya kilomita 100 au 200 hivi, itatoka chafu kuliko unavyofikiria.

SWALI: Fundi, yangu imewaka baada ya kulala miaka, ila nikikanyaga gia ya kwanza inaruka mbele na kuzima hata kama nimevuta klachi yote. Nimekaza keboli hadi mwisho. Shida nini?

JIBU: Keboli haina kosa, irudishe ilivyokuwa. Sahani za klachi zimegandana. Iwashe ikiwa nyutro ipate moto vizuri, izime, weka gia ya pili, vuta klachi ushikilie, halafu itikise mbele na nyuma ukiwa umesimama pembeni, mara nyingi utasikia imeachia. Ikigoma funga mkono wa klachi kwa kamba usiku kucha ujaribu tena. Ikigoma tena ndipo unafungua kifuniko, sahani utazitenganisha kwa mkono na kuziosha, ni kazi ya nusu siku wala siyo ya kuogopa.

SWALI: Nina Yamaha RD350 ya 1974, tustroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli). Imelala muda mrefu, sasa inawaka lakini resi inapanda yenyewe kisha inakataa kushuka. Nimesafisha kabureta mara mbili. Rafiki yangu naye ana kama hiyo, yake inatoa moshi mweupe mwingi hauishi. Ni ugonjwa mmoja?

JIBU: Ni ukoo mmoja, dada. Kwenye tustroki mafuta na hewa vinapita kwanza chini kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kwa hiyo sili za krenkishafti zikikauka injini inanyonya kisichotakiwa. Ikiachia sili ya upande wa jenereta inavuta hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, resi inapanda kama ulivyosema, na ukiendelea kuiendesha hivyo pistoni itayeyuka. Zima, usiijaribu tena leo. Ya rafiki yako imeachia upande wa klachi, inanyonya oili ya gia boksi na kuichoma, akipima oili ataona inapungua bila kuvuja popote. Sili za pembeni badilisheni zote. Na ile pampu ya oili msiiamini hadi mtoe hewa na kuona oili inafika, kwa sasa changanyeni oili ya tustroki kwenye tangi lenyewe, sehemu 1 kwa 25 au 30 za petroli. Afadhali ivute moshi.

SWALI: Tairi zangu zina meno yote, hazijaenda hata kilomita 1,000, fundi mmoja ananiambia nibadilishe. Ananitafutia hela?

JIBU: Hakutafutii hela. Angalia ubavuni kwenye herufi DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2309 ni wiki ya 23 mwaka 2009. Kama zako zina namba tatu tu basi zilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hapo hatuna cha kujadili. Meno yanaweza kubaki yote huku mpira umekuwa mgumu, haushiki lami hasa kukiwa na mvua. Badilisha na tyubu na ule utepe wa rimu kwa pamoja, na gurudumu likiwa nje zungusha uangalie spoksi kama kuna zilizolegea.