Shambulio la ubalozi la 1998 halikuwa vita kisheria

Je, mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam wa tarehe 7 Agosti 1998 ulikuwa vita, kwa kuwa kundi lililoufanya lilikuwa limetangaza vita? Hapana, ulikuwa jinai, si vita, kwani tangazo la vita linalotolewa na kundi lisilo dola halina uzito katika sheria ya kimataifa. Kipimo cha kuwepo kwa vita ninachowafundisha wanafunzi wangu hapa Dodoma ni kile cha shauri la Tadić la 1995, la mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia ya zamani, kinachotaka yawepo matumizi ya nguvu za kijeshi kati ya dola na dola, au mapigano ya muda mrefu yanayohusisha kundi lenye silaha lililojipanga, jambo ambalo mlipuko wa siku moja haulifikii. Washtakiwa wanne wa milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam walihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kawaida New York mwaka 2001. Hata hivyo, kundi likipigana na jeshi mfululizo, kama ilivyotokea Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, sheria za vita hutumika, ingawa wapiganaji wake hawapati hadhi ya wafungwa wa vita na bado wanaweza kushtakiwa kwa ugaidi.