Kabla hujaacha benki

Mwanangu,

Jumapili uliniuliza kwa simu kama uache kazi ya benki uandike vitabu vya watoto kama mimi, nami nikasingizia kwamba mtandao unakatika. Nisamehe. Swali hilo nilitaka kulijibu kwa kalamu.

Tuanze na pesa, maana wewe ni mtu wa hesabu. Mkataba wangu wa kwanza ulinipa asilimia 10 ya kile mchapishaji anachopokea. Akiliuzia duka nakala kwa shilingi 200, changu ni 20. Mrabaha, yaani fungu hilo la mwandishi, huja mara moja kwa mwaka, ukija. Kuna mchapishaji aliyeukalia mswada wangu miaka miwili, kisha akaurudisha bila hata salamu. Karo yako ililipwa na chaki, si hadithi.

Kazi yenyewe watu huidharau kwa kuwa maneno ni machache. Unakikumbuka kile cha binti wa muuza samaki? Kabla hakijachapishwa niliibeba michoro hadi shule moja karibu na Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Nilipofika ukurasa wa nne, penye picha ya samaki aitwaye ngege, kasichana kamoja kakasimama: "Mwalimu, hiyo si ngege. Ina ndevu. Hiyo ni mumi!" Darasa likaangua kicheko. Mimi, mhariri na mchoraji, watu wazima watatu, tulikuwa tumeikodolea macho picha ile miezi kadhaa. Ikachorwa upya. Siku hiyohiyo nilifuta aya yangu ya mapambazuko ziwani, niliyokuwa nikiionea fahari, kwa sababu nilipoisoma mvulana wa dawati la nyuma alitoa wembe akaanza kuchonga penseli.

Nyanya yako alilelewa siwindhe, ile nyumba ya bibi kizee ambamo watoto wa Kijaluo walilala wakisimuliwa hadithi. Hadithi ikiisha, msimulizi husema "Thu tinda!" na kujiombea arefuke kama mti wa kwa mjomba wake. Mwandishi Asenath Bole Odaga alizikusanya hadithi za namna hiyo, na mwaka wa 1982 akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Lake Publishers, hapahapa Kisumu. Kwake nilijifunza kwamba si lazima kila mswada upande basi la Nairobi, ingawa mingi ya kwangu ilipanda.

Hadithi uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Lugha yako ni tamu kuliko yangu ya umri huo. Lakini sungura anatokea ukurasa wa sita, na kurasa tano za kwanza ni mvua tu. Mama yako amevumilia, mtoto hatavumilia.

Kwa hiyo benki usiiache kwanza. Omba ruhusa Ijumaa uje. Gredi ya Tatu wananingoja saa nne asubuhi, na safari hii wewe ndiye utakayewasomea. Mimi nitakaa nyuma, pamoja na wachonga penseli.

Mama