Kutafuta kwa Kugawa Nusu: Linda Mpangilio wa Jedwali Kwanza

Kutafuta kwa kugawa nusu (binary search) ni kuangalia katikati ya jedwali lililopangwa, kutupa nusu isiyoweza kuwa na jibu, na kurudia hivyo hivyo. Kitanzi chake hakizidi mistari kumi ya msimbo. Kinachokiharibu mara nyingi ni jedwali ambalo halijapangwa kama kitanzi kinavyodhani. Programu haitalalamika, itakupa jibu lisilo sahihi na kuendelea na kazi.

Kwa hiyo jedwali lisipite mikononi mwa kila mtu kama orodha tupu. Lifungie ndani ya klasi. Konstrakta, yaani sehemu inayounda kitu cha klasi hiyo, inakili data, inaipanga, inakataa funguo zinazojirudia, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuongeza wala kubadili mstari. Usitegemee mpangilio uliotoka kwenye hifadhidata: huenda yenyewe haijali herufi kubwa na ndogo, ilhali compareTo, njia ya Java ya kulinganisha maneno, huweka "Z" kabla ya "a". Kanuni iliyotumika kupanga ndiyo hiyo hiyo itumike kutafuta.

Chukua viwango vya PAYE, kodi ya mshahara wa mwezi, vya Tanzania Bara: mianzo ya viwango kwa shilingi ni 0, 270,000, 520,000, 760,000 na 1,000,000. Mshahara wa 600,000 haumo kwenye jedwali, hivyo kutafuta kilicho sawa hakusaidii. Tunataka mstari wa mwisho ambao mwanzo wake hauzidi kiasi:

```java
int chini = 0, juu = mianzo.length;
while (chini < juu) {
    int kati = chini + (juu - chini) / 2;
    if (mianzo[kati] <= kiasi) chini = kati + 1;
    else juu = kati;
}
return chini - 1;
```

Kwa 600,000, kati inakuwa 2, kisha 4, kisha 3. Jibu ni 2, yaani mstari wa 520,000. Kodi ni 20,000 ya msingi pamoja na asilimia 20 ya 80,000: jumla 36,000. Jibu likiwa -1, kiasi kiko chini ya mwanzo wa kwanza. Rusha kosa lenye maelezo, usirudishe sifuri.

Ukiandika chini = kati bila kuongeza moja, kitanzi kitazunguka bila kikomo pale nafasi moja inapobaki. Nayo (chini + juu) / 2 hufurika jumla ikipita 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote ambayo int hubeba, na kuwa hasi. Kosa hilo lilikuwamo hata kwenye maktaba ya Java, na Joshua Bloch, aliyeiandika sehemu hiyo ya maktaba, alilieleza hadharani mwaka 2006. Kilinganishi (msimbo unaoamua kipi kitangulie kati ya viwili) kinachorudisha a - b hufurika vivyo hivyo, kwa hiyo tumia Integer.compare.

Kwa mistari mitano kama hii, kupitia mmoja mmoja kunatosha kabisa. Faida huonekana jedwali likikua: mistari 1,000,000 huhitaji ulinganisho usiozidi 20.

Kabla ya kuiamini, jaribu majedwali ya ukubwa wa 0 hadi 10. Kwa kila mwanzo, tafuta thamani yenyewe, pungufu kwa moja na zaidi kwa moja, kisha linganisha na jibu la kutafuta mstari kwa mstari. Jedwali tupu na lenye mstari mmoja ndiyo yanayofichua makosa mengi ya mipaka.