Kabla Mtoto wa Pumu Hajaruhusiwa Kutoka Wodini

Mwanangu wa miaka sita alilazwa kwa pumu mara tatu ndani ya mwaka mmoja hapa Pemba. Matibabu ya wodini siyalaumu, kwani kila alipofikishwa akitweta alipewa oksijeni, dawa ya kutanua njia za hewa kila baada ya dakika 20, na vidonge vya prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa. Tulilokosa ni kufundishwa.

Mara ya tatu, muuguzi wa zamu ya usiku aliniambia: "Mama, hebu nioneshe unavyompa dawa nyumbani." Nikaibonyeza inhela, yaani kikopo cha kupulizia dawa ya pumu, moja kwa moja kinywani mwa mtoto, naye akanieleza kwa upole kwamba kwa njia hiyo dawa nyingi huishia ulimini na kooni. Alichukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako chake kwa kipimo cha mdomo wa inhela, akaziba pembeni kwa plasta, kisha mtoto akavuta pumzi taratibu kupitia shingo ya chupa baada ya kila mbonyezo mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 nchini Afrika Kusini ulionesha kuwa chupa iliyozibwa vizuri huwafaa watoto sawa na kifaa cha kununua kinachounganishwa na inhela kwa kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo nakusihi, mzazi mwenzangu, usikubali kuondoka kabla muuguzi hajakutazama ukimpa mtoto dawa kwa mikono yako mwenyewe. Uliza pia ipi ni ya kutuliza anapobanwa na ipi ni ya kuzuia, kama beklometasoni, ambayo hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa anacheza. Mimi niliiacha kikohozi kilipokatika, na nadhani kuiacha huko ndiko kulikoturudisha wodini. Omba uandikiwe kwa Kiswahili dalili za kumrudisha haraka, kama vile mbavu kuvutwa ndani au kushindwa kuzungumza kwa kukosa pumzi, pamoja na siku ya kuonwa tena, ambayo isizidi wiki moja. Nakala nyingine mpe mwalimu wake wa skuli.

Tulipotoka mara ya kwanza, bibi yake alikuwa ameifukiza nyumba nzima udi kwa furaha ya kumpokea mjukuu, na usiku uleule mtoto akabanwa tena. Sikuwa na ujasiri wa kumkataza mama mkwe. Mara ya tatu nilimwomba aje wodini siku ya kuruhusiwa, akayasikia maelezo ya moshi kwa muuguzi mwenyewe, na tangu hapo chetezo hakiwashwi mtoto akiwa ndani.