Maswali ya Wasomaji: Uvimbe wa ubongo na kuona kwa mtoto

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Picha ya MRI imeonyesha uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto. Tumeambiwa akapimwe kuona, lakini hajui herufi hata moja. Watajuaje anaona kiasi gani? (Mama, Morogoro)

Mama, kwa umri huo herufi hazihitajiki. Kuna kadi za Teller: kadi ndefu za kijivu, upande mmoja zimechorwa mistari myeusi na myeupe, na katikati zina kitundu. Mpimaji huishika kadi sentimita 55 kutoka kwa mtoto, akachungulia kitunduni aone macho yanakimbilia upande gani. Kila kadi inayofuata mistari yake ni myembamba zaidi, mpaka mtoto asiweze tena kuitofautisha na kijivu. Mpimaji mwenyewe hatakiwi kujua mapema mistari iko upande gani. Nawe uliyempakata usimgeuze, hata kwa goti.

Kila jicho lipimwe peke yake, lingine likizibwa kwa plasta ya macho. Kiganja hakifai. Mtoto huchungulia katikati ya vidole, na jicho bovu linaandikiwa kwamba linaona vizuri. Ukiona mwanao ametulia jicho la kushoto likizibwa, lakini analia na kuing'oa plasta likizibwa la kulia, mwambie daktari. Hilo nalo ni jibu.

Kisha tochi. Mwanga humulikwa jicho moja kwa sekunde mbili tatu, ukahamishiwa la pili haraka. Mboni ikitanuka pale mwanga unapofika, badala ya kusinyaa, mshipa wa jicho hilo una hitilafu kuliko wa mwenzake. Macho yote mawili yakiwa yameathirika sawasawa, kipimo hiki hakionyeshi tofauti.

Haya yote yafanyike kabla ya matone ya kutanua mboni, kwa sababu baada ya matone kipimo cha tochi hakina maana tena na kuona kwa karibu huwa ukungu. Matone ni ya mwisho, ili daktari apime miwani na atazame kichwa cha mshipa nyuma ya jicho kama kimepauka. Wala msikubali apimwe kuona siku ileile aliyopewa dawa ya usingizi kwa ajili ya MRI. Mtoto mlegevu huonekana kama asiyeona.

Si kila kliniki ina kadi hizi, kwa hiyo ulizia kwa simu kabla ya kupanda basi.

Binti yangu wa miaka mitano ana NF1 (ugonjwa wa jeni unaoleta uvimbe kwenye mishipa ya fahamu) na uvimbe kwenye njia ya kuona, yaani mishipa ya kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. MRI mpya inasema uvimbe haujakua, lakini daktari anataka kuanza dawa eti amepoteza mistari miwili ya ubao wa kupimia macho. Tuamini picha au ubao? (Baba, Mombasa)

Baba, kwa uvimbe wa aina hii, ubao. Picha inaonyesha ukubwa tu. Kuna watoto ambao uvimbe umekua na wanaona vilevile, na kuna ambao haukuongezeka huku kuona kukififia. Mistari miwili, ambayo madaktari huiandika 0.2 logMAR (logMAR ni kipimo cha kuona), ndiyo tofauti inayochukuliwa kuwa ya kweli. Mstari mmoja waweza kuwa uchovu wa siku hiyo.

Ila kabla ya dawa, uliza mambo manne. Je, alivaa miwani yake, kama anayo? Umbali ulikuwa uleule? Alikuwa ameshiba na hana usingizi? Na ubao ni uleule wa mara iliyopita? Hili la nne ndilo linalopotosha zaidi. Mtoto akihamishwa kutoka kadi za mistari kwenda herufi za H, O, T na V, matokeo huweza kushuka ingawa jicho halijabadilika, kwa kuwa kutambua herufi ni kugumu kuliko kuona mistari. Siku ya kuhama apimwe kwa njia zote mbili.

Kisha kipimo kirudiwe baada ya wiki moja au mbili. Kikirudi vilevile, msisubiri MRI ijayo, kwani kuona kulikopotea mara nyingi hakurudi, na dawa hutolewa ili kuokoa kilichobaki. Kwa kawaida huanzwa na karboplatini na vinkristini. Mionzi huepukwa kwa watoto wa NF1, kwa sababu huweza kuleta uvimbe mwingine na kuziba mishipa ya damu ya ubongo.

Mjukuu wangu yuko kwenye matibabu hayo. Nimwangalie nini nyumbani? (Bibi, Tanga)

Shikamoo Bibi. Mtazame akila: je, anaacha chakula cha upande mmoja wa sahani, kila siku upande uleule? Je, anagonga bega kwenye fremu ya mlango? Ziba jicho moja kwa plasta, mwangushie punje chache za wali kwenye mkeka mweusi, uone kama anaziokota. Fanya hivyo na la pili. Andika tarehe na ulichokiona, uende nacho kliniki.

Macho yakianza kuchezacheza, jicho likitokeza, akitapika asubuhi huku kichwa kinauma, au akinywa maji na kukojoa kupita kiasi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.