Mwanangu, shuka Sineu

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Jumapili uliponipigia simu kuniambia mmepata tiketi za bei nafuu za kwenda Mallorca, kile kisiwa cha Hispania, mwezi wa Februari, uliniuliza swali nikalikwepa kwa kuwa chungu kilikuwa motoni: "Mama, ulikaa kule miaka saba, mbona huna picha hata moja ya pwani? Kwani kuna nini kule zaidi ya hoteli na walevi?" Sasa chungu kimeepuliwa, nikujibu.

Picha za pwani sina kwa sababu pwani ile niliiona nikiwa nimeinama. Kila chumba kina dirisha lake na bahari yake, na mimi natandika shuka. Siku yangu ya mapumziko ikifika, bahari naipa kisogo. Nakwenda stesheni ya Plaça d'Espanya pale Palma, naingia treni ya Manacor, na kabla sijamaliza tasbihi yangu hoteli zimeshapotea. Nje ni udongo mwekundu, kondoo chini ya milozi, na vinu vya upepo vilivyopukutika mabawa.

Nyinyi shukeni kijiji cha Sineu, na iwe Jumatano. Soko la pale lilipewa idhini na mfalme Jaume wa Pili mwaka 1306, na mpaka leo linauza kuku na kondoo walio hai, si sumaku za kubandika kwenye friji tu. Fikeni asubuhi na mapema, wakati wenyeji ndio wanaopatana bei. Ukimpita mzee akakwambia "Uep!", usidhani anakufukuza, ndiyo salamu yao. Mchana watu hukunja bidhaa, madirisha ya mbao ya kijani yanafungwa, na njia zinabaki na paka. Mara ya kwanza nilidhani pana msiba.

Chakula: omba pa amb oli. Ni mkate wa kahawia wanaouoka bila chumvi, unasuguliwa nyanya, unamiminiwa mafuta ya zeituni, ndipo unanyunyiziwa chumvi. Nyanya zenyewe ni ndogo, hufungwa kwa uzi mashada mashada na kutundikwa darini, zikakaa hadi kipupwe. Tumbet pia ni salama, viazi na bilingani na pilipili hoho za kukaanga chini ya mchuzi wa nyanya. Lakini ile ensaïmada, mkate mtamu wa kuviringwa unaouona kila mtu kabeba kwenye boksi uwanja wa ndege, usiiguse. Jina lake linatokana na saïm, mafuta ya nguruwe. Mimi niligundua baada ya kula miwili. Mungu ni mwingi wa kusamehe.

Nimetaja bilingani. Wao huliita albergínia, na sukari ni sucre, na zafarani ni safrà. Waislamu walikitawala kisiwa kile tangu mwaka 902 hadi mfalme Jaume wa Kwanza alipokiteka mwaka 1229, kwa hiyo maneno ya Kiarabu yamejaa mdomoni mwao kama yalivyojaa mwetu. Tazama vibao vya barabarani: Binissalem, Biniali, Biniaraix. Hiyo "bini" ni wana wa fulani, ndugu wa "bin" na "binti" zetu. Nilikuwa nasoma ramani ya basi kama mtu anayesoma majina kwenye kadi ya harusi.

Biniaraix iko karibu na mji wa Sóller. Treni ya mbao ya kwenda huko ni ya tangu mwaka 1912, ila siku hizi ni ya watalii na nauli yake imepanda kichwa, basi linawatosha. Kutoka Biniaraix kuna njia ya ngazi za mawe inayopanda bondeni katikati ya mizeituni. Tembeeni polepole mtazame kuta. Mlima mzima umekatwa matuta, kila tuta limezuiwa kwa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, jiwe linashikwa na jiwe mwenzake. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka milima ile ya Tramuntana kwenye urithi wa dunia kwa sababu ya kazi hiyo ya mikono na mifereji yake ya maji. Milozi nayo mwezi wa Februari itakuwa imechanua, nyeupe na waridi. Mtakuta mingine imesimama mikavu: kuna bakteria, Xylella, anayeziba mishipa ya maji ya mti, na mingi imekufa.

Sasa Artà, upande wa mashariki. Siku hiyo nilikuwa natafuta kivuli tu. Nikamkuta bibi kakaa kizingitini, anasuka. Zuhura, alikuwa anasuka ukili! Ukili wa nyanya yako, chane kwa chane. Mkindu wao ni mfupi, huitwa garballó. Hukata makuti wakati wa kiangazi, huyaanika, huyafukiza kwa moshi wa salfa yawe meupe, huyachana, husuka utepe mrefu wauitao llata, kisha huuzungusha na kuushona kuwa kikapu. Kispania changu kilikuwa cha hoteli, taulo, shuka, ufunguo, basi. Nikanyoosha mkono, akanipa chane. Nikamsukia kidogo kwa mtindo wa kwetu. Akaukagua, akaufumua, akanionyesha wake. Tulikaa hivyo mpaka basi la jioni.

Akaniuliza watoto wangapi. Nikaonyesha vidole viwili, nikaelekeza kusini, mbali. Naye akaonyesha vitatu, akaelekeza pwani, kwenye hoteli.

Wazee wa kule husimulia kwamba zamani mzazi akigawa urithi, shamba zuri la ndani lilikuwa la mkubwa, na wadogo na mabinti wakatupiwa vipande vya ufukweni ambako hakuoti kitu ila misonobari. Watalii walipoanza kumiminika, wale wadogo wakawa matajiri. Nilicheka niliposikia, maana hata kwetu najua waliouza ufuo kwa bei ya baiskeli. Ila tangu siku ya Artà, mtu akinisifia utulivu wa vijiji vile huwa nakumbuka vidole vitatu. Sehemu ya utulivu huo ni watoto waliokwenda kutandika vitanda, kama mimi nilivyokuacha wewe kwa nyanya yako.

Kile kikapu ninachowekea vitunguu ni chake, na mkono mmoja umekatika. Nitafutie kingine. Vingi vya kuuzia watalii huletwa kutoka nje ya kisiwa, kwa hiyo muulize muuzaji nani amekishona. Akikutajia jina la mtu na mtaa anaokaa, lipa bila kupatana.

Na mbebe sweta. Februari ya Mallorca si ya Mombasa.

Mama yako